Mji Wanaoosha Mboga Mtaroni

Nililala nikiamini mvua inanyesha. Nilikuwa nimefika Gujo Hachiman, mji mdogo wa Japani, saa mbili usiku, wiki ya kwanza ya Juni, na wenzangu wa Nagoya walikuwa wamenionya kwamba majira ya mvua yako mlangoni. Kwa hiyo niliposikia maji nje ya dirisha nilivuta shuka, nikayasikiliza mpaka usingizi ukanichukua. Alfajiri yalikuwa bado yanaenda, kwa sauti ileile, hayapandi wala hayashuki. Nikasukuma dirisha. Barabara ilikuwa kavu. Jua lilikuwa limeshagusa mapaa ya upande wa pili, na mbele ya nyumba, kando ya mtaro wa mawe ambao upana wake haufiki hata wa mlango, mama mmoja mzee mwenye aproni alikuwa amechuchumaa na kikapu cha mboga za majani. Anachovya, anatikisa, anageuza, anachovya tena.

Alikuwa anaosha mboga mtaroni.

Nimeishi Dar es Salaam miaka kumi na moja, na kule neno mtaro lina harufu yake. Mtaro ni chupa za plastiki, maji ya sabuni, mifuko, na siku ya mvua kubwa ndiyo njia ya uchafu wote kurudi sebuleni. Mtoto akionekana anachezea mtaroni anaitwa kwa ukali. Lakini mimi nilizaliwa mlimani, Old Moshi, na kabla sijaujua mtaro wa mjini niliujua mfongo, ule mfereji wa kuchimbwa kwa jembe unaoteremsha maji ya Kilimanjaro kutoka ukingoni mwa msitu hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani. Kwa jinsi yule mama alivyochuchumaa, kiwiko juu ya goti, nilimwona bibi yangu. Nikavaa haraka nikashuka.

Nilikuwa Japani kwa mafunzo ya miezi minne, na mwalimu wetu mmoja ndiye aliyenitajia mji huu nilipomuuliza ni wapi niende nikapumzishe masikio. Uko mkoa wa Gifu, katikati ya nchi, milimani. Nilichukua treni hadi Mino-Ota, kisha nikahamia reli ya Nagaragawa, ambayo urefu wake wote ni kilomita 72 na treni yake ni behewa moja la dizeli. Unapopanda unachukua karatasi ndogo yenye namba ya kituo, na unaposhuka unamlipa dereva mwenyewe, kama daladala isiyo na konda. Zamani reli hii ilikuwa ya serikali. Ilipoonekana haina faida, serikali za maeneo haya na wadau wengine waliichukua mwaka 1986 ili isife, na mpaka leo inabeba wanafunzi na wazee. Tulipita Seki, mji wa wafua chuma ambao zamani walitengeneza panga za wapiganaji na siku hizi wanatengeneza visu vya jikoni. Tukapita Mino, ambako karatasi bado inatengenezwa kwa mikono kutokana na maganda ya mti, ufundi ulioingizwa mwaka 2014 katika orodha ya urithi ya UNESCO. Wanafunzi walishuka mmojammoja. Mto Nagara ulikuwa kushoto, mara ukawa kulia, tukauvuka tena, kisha giza likaingia na kwenye kioo nikabaki naiona sura yangu tu.

Mwenye nyumba niliyofikia kila mtu alimwita Okami-san, jina la heshima la mama anayeendesha nyumba ya wageni. Ana miaka sabini na kitu. Mimi aliniita Okyaku-san, yaani mgeni, na hakuacha kuniita hivyo hata baada ya kujua jina langu. Mazungumzo yetu yalikuwa Kijapani changu cha kubahatisha, mikono, na programu ya tafsiri kwenye simu pale mambo yalipokuwa mazito. Chumba kilikuwa na mikeka ya tatami, godoro la kutandika sakafuni, na mlango wa karatasi. Hapakuwa na televisheni. Palikuwa na yale maji.

Asubuhi ile nilipomkuta mtaroni alikuwa ameshamaliza mboga. Kwenye kingo za mtaro, mawe yamechongwa mfuo wima, mmoja huku na mwingine kule, ikitazamana. Kwenye mifuo hiyo alikuwa amechomeka kibao cha mbao, na maji nyuma ya kibao yalikuwa yamepanda kama shibiri mbili, yakafanya kidimbwi cha kuoshea. Alipomaliza akakichomoa kibao, kidimbwi kikashuka kwa mkupuo mmoja, akakisimamisha ukutani kikauke. Nikamuuliza kwa nini asikiache pale pale, si atakihitaji tena jioni? Akaonyesha kwa kidole huku mtaa unakoteremkia, nyumba kwa nyumba. Hakutafuta neno lingine.

Ukitembea utaviona vile vibao kila mahali. Vinaegemea kuta, vingine vimechakaa mpaka vimekuwa rangi ya jivu. Na chini ya vipenu vya nyumba, hasa mitaa ya kaskazini, kila mlango una ndoo nyekundu inayoning'inia. Nilidhani ni pambo la watalii. Kumbe mitaro yenyewe ilianza na moto. Mji umebanwa kwenye bonde: mto Yoshida unaukata katikati kabla ya kumwagika Nagara, kijito Kodara kinaingia kutoka kaskazini, na kiwanja cha tambarare ni kidogo sana, kwa hiyo nyumba za mbao zimebanana bega kwa bega. Mwaka 1652 mji uliungua. Mtawala wa ngome, Endo Tsunetomo, aliupanga upya na kuvuta maji ya Kodara kutoka juu, yakapitishwa mbele ya milango, na kazi ile ilikamilika mwaka 1667. Kusudi la kwanza lilikuwa kuzima moto. Watu ndio waliogundua wenyewe kwamba maji yakipita mlangoni kila saa yanaoshea, yanapoza matikiti, na wakati wa baridi yanabeba theluji iliyozolewa barabarani. Moto ulirudi hata hivyo. Mwaka 1919 uliteketeza sehemu kubwa ya upande wa kaskazini, na nyumba nzuri unazoziona leo pale, zile zilizotambuliwa na taifa mwaka 2012 kama eneo la kuhifadhiwa, zilijengwa baada ya majivu hayo. Ndiyo maana ndoo bado zipo, na zile nilizozichungulia zilikuwa safi ndani.

Sasa niseme kosa langu.

Kwenye pembe za mitaa kuna kitu kinaitwa mizubune. Neno hilo ukilifasiri moja kwa moja linakuwa mashua ya maji, lakini ni mabeseni ya mbao au ya mawe yaliyopangwa kama ngazi, mawili au matatu. Maji ya chemchemi yanaingia la juu kwa bomba la mwanzi, yanafurika kwenda la pili, yanafurika tena kwenda la chini. Siku ya kwanza nilikuwa nimepanda hadi kwenye ngome na kushuka, jasho linanitiririka, nikaona moja. Nikaingiza mikono yote miwili kwenye beseni la juu, nikanawa uso, nikasugua shingo.

Mzee aliyekuwa akifagia mbele ya duka lake aliweka ufagio chini, akaja. Akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayeomba njia. Akachukua kikombe cha chuma kilichokuwa kimetundikwa, akakinga kwenye mdomo wa mwanzi, akanywa. Kisha akaonyesha beseni la pili na kuigiza mtu anayeosha tunda. Akaonyesha la tatu, akaigiza kusugua bakuli. Halafu akanyoosha kidole ndani ya lile la chini kabisa, na hapo nikawaona samaki, wakubwa, wakizunguka polepole. Punje za wali na makombo yanayobaki kwenye vyombo wanayala wao, na maji yanayotoka pale kwenda mtaroni yanakuwa hayana shombo. Mzee hakusema neno lolote la lawama. Alisimama tu pale pale, akisubiri beseni la juu lijae na kufurika upya mpaka aridhike kwamba jasho langu limeondoka, ndipo akarudi kwenye ufagio wake. Nilimwinamia nikaomba radhi kwa neno nililolijua, sumimasen. Nilisikia aibu ambayo sijaisikia tangu utoto, kwa sababu nilijua. Bibi yangu alinifundisha jambo hilohilo nikiwa na miaka sita, na nilikuwa nimelisahau.

Mpangilio huu wa juu na chini, ukitaka kuuona vizuri zaidi nenda Sogisui, chemchemi iliyo kando ya kijito Kodara, ukishuka ngazi za mawe karibu na daraja jekundu. Ni mahali padogo. Ukipita kwa haraka utasema, ni hiki tu? Kuna kibanda cha mbao kwenye jicho la maji, kisha visanduku vya mawe vinavyofuatana: cha maji ya kunywa, cha kuoshea mchele, cha kuoshea mboga, na cha mwisho cha kuloweka na kusuuza, ndipo maji yanaingia kijitoni. Mwaka 1985 idara ya mazingira ya Japani ilipoorodhesha maji mia moja bora ya nchi, chemchemi hii ilikuwamo. Jina lake limetokana na Sogi, mshairi aliyeishi kati ya 1421 na 1502, bingwa wa mashairi ya kupokezana ambamo mmoja anatunga beti na mwenzake anaendeleza. Alikuja milimani huku kujifunza kwa To Tsuneyori, mtawala wa Gujo aliyekuwa hodari wa kufafanua diwani ya kale ya Kokinshu, na masimulizi ya mji yanasema walipoagana waliagana hapa kwenye chemchemi, kwa mashairi. Nilipenda kwamba maji haya hayakupewa jina la mwenye ngome. Yalipewa la mwanafunzi aliyesafiri.

Ngome yenyewe sitaisema sana. Ilianza mwaka 1559, ikabomolewa utawala wa samurai ulipokwisha, na iliyopo ni ya mbao, ilijengwa upya mwaka 1933. Kupanda ni nusu saa ya miti mirefu na ndege. Juu unaona mji wote ulivyo mdogo, na unaona mto.

Mahali nilipopapenda kuliko pote ni njia ya miguu inayoitwa Igawa Komichi. Urefu wake ni mita 119, nyuma ya nyumba za watu, na upana wake ni kwamba mkikutana wawili mmoja anageuka ubavu. Upande mmoja kuna kuta za nyumba. Upande wa pili kuna mfereji uliojaa samaki: koi wakubwa kama mkono, na amago, wale wenye madoa mekundu ambao hawavumilii maji machafu hata kidogo. Kuna sehemu za kufulia zilizoezekwa, zenye ngazi za mawe zinazoingia majini, na ndani ya kila moja kuna brashi, mabeseni, na sabuni haipo. Nguo zinafuliwa nyumbani. Hapa zinakuja kusuuzwa tu.

Mchana wa siku ya pili nilimkuta mama mmoja anasuuza shuka. Nikamwomba ruhusa ya kukaa ngazini, akasogeza beseni lake. Tulikaa kimya kwanza. Baadaye nikamwonyesha simu: nani anasafisha hapa? Akasoma, akacheka, akahesabu kwa vidole nyumba zinazotumia mahali pale. Wanafanya kwa zamu, na kuna kibao kinachopita nyumba hadi nyumba. Kikifika kwako wewe ndiye wa zamu, ukimaliza unakipeleka kwa jirani. Nikauliza tena: na maji ya bomba hamna? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama kwao kuna umeme. Yapo, tangu zamani. Akafikiri kidogo, akaandika kwa kidole kwenye simu, na tafsiri ikaja: «Bomba ni la nyumbani. Hapa ni pa sisi sote.»

Nilinyamaza muda mrefu baada ya hapo, na yeye aliendelea na shuka lake.

Mfongo wetu ulikuwa unatoka kwenye kijito juu kabisa, ambako migomba inaisha na msitu unaanza. Sijui nani aliuchimba. Wazee walisema ni babu za babu zao, na wakitaja ukoo. Ulikuwa unatambaa kwenye mgongo wa kilima kwa mteremko mdogo hivi kwamba mtoto ungeapa maji yanapanda. Ulikuwa na zamu. Leo maji ni ya akina fulani mpaka jua lifike hapa, kisha wanaziba kwa udongo na majani ya mgomba, yanahamia kwingine. Bibi alikuwa anatuamsha gizani tukateke ya kunywa kabla mifugo haijaamka. Ukitaka kufua, unachota kwa ndoo unakwenda kumwaga kahawani, mbali na mfongo. Nepi za mtoto ilikuwa mwiko kabisa kuzifikisha pale. Siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kila nyumba ilitoa mtu wa kuja na jembe kuzibua mfongo, na nyumba isiyotoa mtu ilitozwa faini, na faini ilikuwa mbege, pombe ya ndizi, na ilinywewa palepale mbele yake.

Neno ambalo bibi alilirudia kuliko yote lilikuwa swali. Ukirusha ganda la ndizi majini anakuuliza: unamjua anayekunywa huko chini? Na ilibidi umtaje. Kwa jina. Mama fulani, halafu kwa mzee fulani, halafu shuleni. Nilikuwa nawajua wote.

Bomba lilipofika kijijini tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Akina mama walikuwa wamechoka, na maji ya mfongo hayakuwa salama siku zote. Silaumu bomba. Ila baada ya miaka michache msaragambo ukawa na watu wanane, mwaka uliofuata watano. Mfongo ukaanza kupasuka kingo. Nilipomaliza darasa la saba maji yalikuwa hayafiki tena kwetu. Na bomba linapokauka, kama linavyokauka kila kiangazi, hatuna bomba wala mfongo, na hatuna tena ile orodha ya majina ya watu wa chini. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Mfereji unaweza kuchimbwa tena kwa wiki mbili.

Jioni ile Okami-san alichoma ayu. Ni samaki mwembamba, si mrefu kuliko kiganja na vidole, anachomwa mzima kwenye kijiti, akiwa amepindwa kama bado anaogelea, chumvi nyingi mkiani na kwenye mapezi. Unamla na kichwa. Matumbo yana uchungu kidogo, na nyama ina harufu ya tango bichi, au tikiti. Nilidhani naota mpaka Okami-san akaniambia ndivyo alivyo, kwa sababu chakula chake ni mwani unaoota juu ya mawe ya mto. Ayu anaishi mwaka mmoja tu. Anaanguliwa vuli mtoni, anachukuliwa na mkondo hadi baharini, anarudi kupanda mto majira ya kuchipua, anakua kiangazi, anataga, anakufa.

Uvuvi wake niliutazama saa nzima kutoka darajani. Wavuvi wanasimama hadi kiunoni katika mto Yoshida wakiwa na fimbo za mita tisa hivi, na chambo chao ni ayu mwingine aliye hai. Ayu mkubwa ana eneo lake la mawe, na mwenzake akiingia anamshambulia kwa kumgonga ubavuni. Mvuvi anampeleka samaki wake ndani ya eneo la mwingine, yule mwenye eneo anakuja kwa hasira kumfukuza, na ananaswa na ndoana inayoburutwa nyuma. Kisha huyo aliyenaswa ndiye anakuwa chambo kipya, maana ana nguvu zaidi. Nimelelewa mlimani, uvuvi wangu ni wa kusimuliwa, lakini sijawahi kusikia pengine popote samaki anayenaswa kwa sababu ya kulinda kiwanja chake.

Mwaka 2015 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo mzima wa ayu wa mto Nagara, kutoka milimani hadi chini, kama urithi wa kilimo na uvuvi wa dunia. Nagara una kilomita 166, na hauna bwawa kubwa kwenye mkondo wake mkuu. Lakini mdomoni, karibu na bahari, kuna ukuta wa milango ya chuma ulioanza kufanya kazi mwaka 1995 baada ya miaka mingi ya kupingwa na wavuvi na watu wa mazingira. Nilipoutaja, Okami-san aliweka vijiti vyake chini. Alisema marehemu mumewe alikuwa mmoja wa waliopinga. Ayu wanaotoka baharini lazima wapite pale. Nikaona kwamba hata mji huu, uliojipanga hivi kwa ajili ya wa chini, nao una wa chini ambaye haukuweza kumwamulia. Hatukuliendeleza.

Saa mbili usiku akagonga mlango wangu: «Okyaku-san, hotaru.» Vimulimuli. Akanipa tochi, akanikataza kuiwasha. Tulitembea kufuata kijito mpaka taa za mtaa zikaisha. Kwanza palikuwa giza na maji tu. Kisha kimoja kikawaka kwenye majani, kikazima, kikawaka. Kisha vingi, na vilikuwa vinawaka na kuzima kwa pamoja, kama kuna mtu mmoja anayevipulizia. Viluwiluwi vya kimulimuli hiki vinaishi chini ya maji na chakula chao ni konokono wadogo wa mtoni. Mto ukichafuka konokono wanakufa, na giza hilo linabaki giza. Okami-san alisimama amefumbata mikono nyuma. Kila mwaka huja kuvihesabu, alisema, hajui kwa nini.

Ni mji wa kimya, na sehemu ya kimya hicho si njema. Vijana wanaondoka kwenda Gifu na Nagoya. Jiji zima la Gujo, lililoundwa mwaka 2004 kwa kuunganisha miji na vijiji saba, lina watu wasiofika 40,000 katika eneo kubwa la milima, na wengi niliokutana nao walikuwa na umri wa wazazi wangu. Kwenye baadhi ya milango kibao cha mbao kimeegemea ukuta, kikavu, na pazia halijafunguliwa siku nyingi. Zamu ya kusafisha inarudi haraka zaidi nyumba zikipungua. Yule mama wa shuka alihesabu nyumba zake kwa vidole vya mkono mmoja, na hilo nimelikumbuka baadaye.

Ila nilifika majuma machache kabla ya kelele. Kuanzia katikati ya Julai hadi mwanzoni mwa Septemba watu hucheza ngoma ya Gujo Odori barabarani, usiku baada ya usiku, kama mara thelathini, na tarehe 13 hadi 16 Agosti, siku za kuwakumbuka waliotangulia, wanacheza mpaka alfajiri. UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake mwaka 2022 pamoja na ngoma nyingine za jamii hiyo. Hakuna jukwaa la watazamaji; ukifika unaingia kwenye duara. Wanavaa geta, yaani mitalawanda, na mlio wa mbao kwenye lami ni sehemu ya ngoma. Nilipita karakana moja ambako kijana, mmoja wa wachache niliowaona, alikuwa anapiga randa kisigino cha mtalawanda, na harufu ya mbao ilikuwa imejaa mtaa. Aliniambia alisoma Tokyo akarudi. Sikumuuliza zaidi, alikuwa na jozi nyingi za kumaliza kabla ya Julai.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta Okami-san mtaroni tena, safari hii anaosha figili. Tulipoagana alinipa chupa ya maji ya Sogisui iliyofungwa kwa kitambaa. Nilimpigia mjomba nikiwa kwenye treni, kwangu mto ukiwa kulia na kwao bado usiku. Nikamuuliza mfongo unaishia wapi siku hizi. Akakohoa, akauliza kama nimepatwa na jambo. Halafu akaniambia unafika mpaka kwenye mwembe wa shule ya zamani, pale umepasuka, na kutoka pale hadi kwetu ni kama hatua mia nne. Zile hatua mia nne anazijua jiwe kwa jiwe. Akaanza kunitajia nyumba zilizo chini ya mwembe, nani bado yupo, nani amehama, nani amefariki na nyumba yake ina nani, na alikuwa bado anataja wakati treni ilipoingia kwenye handaki na simu ikakatika.

Kwa anayetaka kwenda: panda treni hadi Mino-Ota, kisha reli ya Nagaragawa hadi kituo cha Gujo-Hachiman, kama saa moja na dakika ishirini. Kaa karibu na dirisha, upande wowote, mto utakuja tu. Kutoka kituoni hadi katikati ya mji ni mwendo wa miguu wa kama robo saa, fuata sauti. Juni mwanzoni kuna ayu na vimulimuli na nafasi za kulala. Agosti kuna ngoma na hakuna nafasi. Watoto wa pale huruka mtoni kiangazi kutoka daraja la Shinbashi, kimo cha mita kumi na mbili hivi, wanaanza kujifunza kwenye mawe ya chini wakiwa wadogo, mgeni usijaribu. Usiwatupie samaki wa Igawa mkate. Na ukikuta mizubune, beseni la juu ni la kunywa. Mikono nawia la chini.